Kilo za Mpishi wa Meli

Gardo alikula vijiko vitatu, akaisukuma sahani. Nelia, mkewe, nusura apige vigelegele.

Ilikuwa nyama ya nguruwe kwa mbaazi na fenesi bichi, chakula ambacho zamani Gardo angekikomba mpaka sufuria ing'ae. Mpishi wa meli huyo! Miaka yote ya baharini alikuwa akionja vya wenzake, hadi tumbo likawa linaingia mlangoni kabla yake. Safari iliyopita kampuni ilimpima kule Manila, ikamrudisha nyumbani: uzito umezidi, kajipunguze kwanza. Na asipopanda meli, binti yao anaacha masomo ya uuguzi, basi.

Ndipo wakaenda kwa daktari mjini Iloilo, akawapa ile dawa inayotajwa kila kona, inayolidanganya tumbo lijione limeshiba. Vichupa vya kuwekwa kwenye friji, sindano moja kila Jumapili, na kila mwezi kurudi kupimwa. Daktari aliwanyooshea kidole. "Kichefuchefu ni kawaida. Ila tumbo likiuma mpaka mgongoni, nipigieni siku hiyo hiyo, tunasimamisha dawa."

Sasa Gardo, dume zima linalochinja nguruwe bila kupepesa, linaogopa sindano kuliko mtoto wa kliniki. Nelia naye hakujua hata kushika bomba la sindano. Kazi ikamwangukia Bi Salud, mama mzazi wa Gardo, mkunga mstaafu aliyekaa nyumba ya jirani, na vichupa vikahifadhiwa kwenye friji yake nzuri. Kila Jumapili baada ya misa Gardo alijilaza kwenye kochi la mama yake, uso ukutani, shati kajifunika kichwani.

"Tayari, mama?"

"Tayari nini, we jitu? Nimeshachomoa zamani. Amka unywe supu."

Bi Salud hakuipenda dawa ile, wala hakuficha. "Huyu nimemnenepesha kwa maziwa yangu mwenyewe," alimwambia daktari mbele ya wagonjwa, "leo mnataka nimkaushe kama dagaa?" Lakini Jumapili ikifika alishika bomba lake, na hakukosa hata moja.

Mwanzoni mzani haukusogea. Daktari akaongeza kipimo cha dawa. Wapi! Nelia akamshuku mumewe kwamba anakula kwa siri, wakagombana mpaka majirani wakazima redio wasikilize vizuri. Daktari akaongeza tena. Halafu, ghafla tu, Gardo akaanza kuyeyuka.

Suruali zikamwanguka. Mashavu yakaingia ndani. Chakula kikamchukiza, hata harufu ya vitunguu ikawa inamkimbiza nje kutapika.

"Oya Gardo!" mwenye duka alimpigia kelele. "Nusu nyingine umeiacha wapi?"

"Nimeiacha kwa mkeo, anitunzie!"

Nelia alicheka pamoja nao. Mungu mkubwa, alijisemea, sasa dawa imeshika.

Kisha maumivu yakaja. Asubuhi moja alimkuta mumewe kwenye ukingo wa kitanda, amejikunja, ngumi imezama chini ya mbavu.

"Wapi panauma?"

"Hapa. Inapita mpaka mgongoni."

Nelia akadaka simu. Gardo akamshika kiganja.

"Ukimpigia, anasimamisha dawa. Akisimamisha, kilo zinarudi. Zikirudi, meli inaondoka na mpishi mwingine."

"Na ukinifia je?"

"Sifi, mke wangu. Ni dawa tu hii. Nikishapanda meli, nani atanichoma huko? Sindano zikikoma, na maumivu yanakoma."

Hoja hiyo Nelia aliichukia. Aliogopa, aliogopa kweli, lakini simu akaiweka chini. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tusemavyo, ila aliyeanza kusema hivyo hakuwahi kutafuta kazi ya meli. Huku kwetu mabaharia hujifunza kumdanganya daktari kabla ya kujifunza kufunga kamba.

Basi kwa daktari Gardo alijikaza. "Salama tu. Kichefuchefu kidogo." Daktari akampongeza. Manila wakampima, wakamgongea muhuri, na mmoja akamwambia atakuwa mpishi wa kwanza mwembamba katika meli ile.

Siku ya kuondoka alikunywa supu kidogo, akaitapika nyuma ya nyumba. Nelia alipomkumbatia aliuhisi uti wa mgongo kupitia shati. Alilia, lakini moyoni alikuwa anahesabu: hakuna sindano tena, atapona.

Simu ya mwisho ilitoka Singapuri. "Tunang'oa nanga. Mtandao hautakuwepo mpaka Brazili."

"Maumivu?"

"Yamezidi kidogo. Dawa haijaisha mwilini. Itaisha."

Jumapili iliyofuata Bi Salud alimwomba mkwewe amsindikize kanisani. Alikuwa na nadhiri ya kutimiza, kwa kuwa mwanawe amepata meli. Bibi wa watu alipiga magoti mlangoni, akatembea kwa magoti hayo hayo mpaka mbele ya sanamu ya Bikira wa Candelaria, Nelia akimshika mkono. Wakawasha mishumaa.

"Mama," Nelia alinong'ona, "na daktari tumwombee. Dawa yake imemtesa Gardo, lakini kilo imeziondoa."

Bi Salud akaziba mdomo asicheke kanisani.

"Dawa ipi, mwanangu? Mimi nimuue njaa mtoto wangu kwa mkono wangu? Vile vichupa vyote nilivimwaga chooni, tangu cha kwanza. Nilikuwa namchoma vitamini." Akainua macho kwa Bikira, machozi ya furaha yakimtiririka. "Kukonda kote kule ni huyu Mama peke yake."