Gesi au Umeme

Jaji wa klabu ya magari ya kale alipotangaza kuwa tuzo ya Gari Lililofufuliwa na Mwenyewe imekwenda kwa mwenyekiti, Mama Nyundo alipandwa na hasira. Mwenyekiti, shemeji yake, hakuwahi kushika hata spana. Bodi ya gari lile aliinyoosha Mama Nyundo kwa miezi kumi na moja, kucha zikamkatika. Gari lake mwenyewe lilikuwa limeambulia utepe wa Gari la Mama Lililopambwa Vizuri.

Aliinuka, akafungua buti la gari la mshindi, akang'oa zulia. Chini yake ulitokeza mshono mrefu wa shaba, wa manjano, ambao huchomelewa kwa gesi tu.

"Hapa ulichomelea kwa kutumia nini, shemeji? Gesi au umeme?"

"Shemeji, tusivuane nguo mbele ya watu."

"Nimekuuliza. Gesi au umeme?"

Mwenyekiti alilikumbatia kombe kifuani. "Umeme," akasema.

Jaji aliinama, akapitisha kidole juu ya ile shaba polepole, kisha akamgeukia mwenyekiti na kunyoosha mkono arudishiwe kombe.