Mali ya Mabruki

Mabruki alivaa kanzu aliyopewa na bwana wake, akaenda nayo bomani kumshtaki bwana wake.

Habari zilikuwa zimeenea Tabora nzima: Mwingereza amefuta utumwa. Enzi za misafara Mabruki aliwaongoza wapagazi wa bwana wake, Majid bin Sulemani, hadi Ujiji, na kila safari alijifanyia biashara yake ndogo pembeni. Sasa alikuwa na nyumba Gongoni, ng'ombe na shamba la mpunga. Lakini mali ya mtumwa ni ya bwana wake, na uzee ulikuwa umeshabisha hodi. Angekufa leo, Majid angebeba vyote, na watoto wake Mabruki wangeambulia patupu.

Alifuatana na Masolwa, aliyemshikia mwavuli na kumbebea mkeka.

"Niingie na mimi?" Masolwa aliuliza walipofika mlangoni.

"Ningoje hapo nje. Shauri ni langu."

Karani Elieza alikuwa Mmoraviani, na alipenda kuhubiri hata siku zisizo Jumapili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kudai nafsi yangu kwa Majid. Hivi Mungu alimuumba mtu awe mali ya mwenzake?"

"Hasha! Kila mtu ni mali yake mwenyewe."

"Sema tena, kwa sauti."

Elieza akasema tena, kwa sauti ya mimbarini. Mabruki akalia. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia neno tamu kama lile.

"Na nilivyochuma je?"

"Ulichochuma kwa jasho lako ni chako. Majid hana haki hata ya kifaranga."

"Hata nilichonunua kule Ujiji?"

"Ulilipa mwenyewe?"

"Kwa nguo na chumvi yangu mwenyewe."

"Basi ni chako, mzee. Nenda kwa amani."

Mabruki alitoka kifua mbele. Masolwa alikuwa amesimama chini ya dirisha, machozi yakimtiririka. Hakuna neno hata moja lililompita.

"Umesikia, Masolwa?"

"Nimesikia! Kila mtu ni mali yake mwenyewe!"

"Naam. Basi chukua mkeka, twende zetu. Tangu nikununue Ujiji umekuwa mali ya Majid. Leo, alhamdulillahi, wewe ni wangu."