Maoni ya Kiliani

Siku hizi simu ndiyo inayomwandikia kila mtu maoni yake ya siasa kwenye jukwaa la mtaa, na maoni ya wengi huwa amri. Asubuhi hiyo Skolastika alisoma ya mumewe, Kiliani: wanaopinga bwawa wahamishwe. Ya Skolastika mwenyewe yalilipinga.

“Baba Neema, haya ni mawazo yako kweli?”

Kiliani aliyasoma, kisha akaendelea kumenya kiazi. “Sijui, Mama Neema. Labda. Simu inanijua.”

“Na mimi ninapinga bwawa?”

“Imeandikwa hivyo.”

Skolastika alijaribu kukumbuka bwawa lenyewe liko wapi, akashindwa.

Saa nne gari la kuhamisha watu lilifika. Kiliani alimbebea begi hadi barabarani, akamuuliza kama amechukua sweta.