Kipandio cha Mgeni

Walipofika penye tundu la kurushia mishale, katika ukuta wa ngazi ya mnara, mgeni aliinua mguu juu mno, kama mtu anayevuka mfereji, kisha akaukanyagisha kwa kishindo juu ya jiwe lililokuwa sawa na mengine. Gobnait, aliyekuwa nyuma yake na taa, alidhani ni wiski. Akamwacha aendelee kupanda.

Alikuwa amemtanguliza makusudi. Mtu huyo alikuja adhuhuri, kofia mkononi, akasema yeye ndiye Fiachra, kaka yake aliyegombana na baba yao wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukimbilia Amerika, Gobnait akiwa mtoto wa kubebwa. Sasa Gobnait alikuwa na mvi za kwanza, wazazi wote wawili wamezikwa, na katika mnara ule wa mababu alibaki yeye na kunguru. Kila Krismasi aliwasha mshumaa dirishani kwa ajili ya Fiachra. Hakuna alichokitamani duniani zaidi ya mtu huyu kuwa ndiye.

Lakini alikwisha kudanganywa. Miaka ya nyuma alikuja Fiachra mwingine kutoka Boston, akala, akalala, akalia hata machozi kwenye kaburi la mama, kisha akaondoka na vijiko vya fedha.

Huyu wa sasa alijua mengi. Aliingia ukumbini akatazama juu, kwenye dari ambako chokaa bado ina alama za fito zilizosukwa na wajenzi wa kale, akaeleza alivyokuwa akilala chali utotoni na kuzihesabu. Akaulizia farasi aliyekufa zamani. Gobnait alitaka kuamini, ila akajikaza. Mambo ya namna hiyo hata kwenye baa ya kijijini yanasimuliwa.

Lakini siri ya kipandio cha ngazini haisimuliwi baa. Mababu walikijenga kiinuke juu kuliko vingine, katika ngazi ile nyembamba inayojizungusha gizani, ili adui anayepanda mbio ajikwae. Watu wa nyumbani hawajikwai. Baba yake alimwonyesha tangu alipoanza kutembea: ni kile cha mwisho kabla ya mlango wa chumba cha juu, na usimwambie mtu.

Mgeni alikifikia. Hakuinua mguu. Alianguka kifudifudi, kofia ikabingirika hadi miguuni pa Gobnait.

"Shuka, bwana," Gobnait alisema. "Vijiko alishachukua mwenzio."

Mgeni alibaki amekaa pale, goti linavuja damu, akipapasa ukingo wa jiwe kwa vidole. Kisha akatazama chini, kule alikotoka. Hakubisha.

"Baba alikufa na hasira zake?" aliuliza.

"Usimwite baba."

Akapokea kofia yake, akashuka taratibu. Mlangoni alisema tu, "Ubaki salama, dada," akaondoka bila kugeuka.

Kesho yake fundi Tadhg, mwashi mzee aliyeutengeneza mnara ule tangu ujana wake, alimletea gunia la mboji kavu ya kinamasi, ambayo huko huchomwa kama kuni. Gobnait akammiminia chai, akamsimulia alivyomnasa tapeli. Tadhg alicheka. Alisema tarishi alimpa lifti mtu mmoja anayechechemea hadi bandarini Cobh, na meli ya Amerika ilikwisha kung'oa nanga alfajiri.

"Kahesabu na uma, usije ukakuta zimepungua," akamtania.

"Halafu alikuwa amelewa, fundi. Kule chini penye tundu la mishale, mahali palipo sawa kabisa, aliinua mguu hivi." Gobnait akasimama, akaigiza.

Tadhg aliweka kikombe chini. Akavua kofia yake.

"Penye tundu la mishale?"

"Pale pale. Kwa nini?"

Mzee aligeukia mlango wa ngazi.

"Kipandio kilikuwa pale, binti yangu," alisema. "Mwaka ule alioondoka kaka yako, baba yako aliniamuru nikichonge kiwe sawa, niinue kingine kule juu. Alisema Fiachra akirudi, nyumba isimjue."