Theluji ya Pembe Nane

Nasriya alizihesabu tena kwenye simu yake. Pembe nane. Akatabasamu, akaingia ukumbini.

Nje, mtaa wa Al Khuwair ulikuwa ukiwaka kwa jua la Juni. Ndani, Daktari Hisham alisimama jukwaani akieleza habari za Aktiki na kuonyesha picha za toleo jipya la kitabu chake. Watu mia mbili walimkodolea macho.

Picha zenyewe zilikuwa za Nasriya. Miaka tisa nyuma, alipokuwa mwanafunzi wa Hisham, alisimama miezi miwili kwenye barafu ya kaskazini, akikinga chembe za theluji moja moja juu ya kipande cha kioo, akibana pumzi zisije zikayeyuka. Hisham alikaa ndani penye joto, hata kwenye hadubini hakuinama. Kitabu kilipotoka, kilibeba jina la Hisham tu.

Mwezi wa Januari mwaka huu Hisham alimpigia simu. "Nasriya mwanangu, nnaziomba zile picha za asili. Na siku ya mhadhara lazima uje. Usipokuja, hainifai kitu."

"Ntakuja, Mwalimu."

Hana haya, alisema moyoni. Anataka nikae nimtazame anavyoniibia mara ya pili. Akampelekea picha zote, na katikati akachomeka moja aliyoitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta.

Sasa picha hiyo ilitokea, ikajaa ukuta mzima.

"Na hii," alisema Hisham, "ndiyo adimu kuliko zote."

Nasriya akasimama.

"Maji yakiganda, molekuli zake hushikana kwa sita sita. Ndiyo maana theluji ina pembe sita, mara chache kumi na mbili. Ya nane haijapata kuanguka tangu dunia iumbwe. Picha hii ni ya kughushi, na mwenye kitabu ni mwongo. Asiaminiwe tena kwa lolote!"

Ukumbi ukavuma. Waandishi wa habari wakainua simu zao. Nasriya alihisi miaka tisa ikimshuka mabegani.

 Hisham alimtazama kama mtu anayeona gari likimwendea mtoto.

"Laiti ungeningoja kidogo, mwanangu," alisema, akabonyeza kitufe.

Likaja jalada la toleo jipya la kitabu, limekwishachapwa. Jina la Hisham halikuwemo. Mwandishi alikuwa Nasriya.