Joto la Ukutani

Mwenye nyumba alishasema mara mbili kwamba humo haishi mtu: mama yake mzazi amehamia kwa mtoto wake mwingine, na nyumba inauzwa tupu. Mkaguzi wa nyumba aliinua kamera yake ya joto, ile anayotafutia unyevu kwenye kuta, akaielekeza kwenye ukuta wa plaiwudi wa stoo iliyofungwa kwa kufuli.

Kioo cha kamera kilikuwa bluu tupu, ila chini, karibu na sakafu, palionekana doa la rangi ya chungwa, pana kama mgongo wa mtu.

"Hilo ni joto la jua tu, dada yangu," alisema mwenye nyumba, upesi mno.

Mkaguzi alitupa jicho dirishani. Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi. Akachutama, akaweka kiganja juu ya lile doa. Plaiwudi ilikuwa na uvuguvugu, kama mto uliotoka kulaliwa.

"Twende jikoni basi, tusipoteze muda."

Mkaguzi aligonga taratibu. "Hodi, mama."

Kisha plaiwudi ikalia chini ya kiganja chake, kana kwamba upande wa pili mtu anajiinua kwa shida.

"Karibu, mwanangu," ilijibu sauti iliyokauka. "Ila ufunguo anao yeye."