Sahihi ya Msimamizi

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, barua ya mtunza stoo ya kuacha kazi ilikuwa juu ya meza ya wakili, haijatiwa sahihi.

"Usisaini, dada," wakili alisema. "Wanakuchosha ili uondoke mwenyewe. Ushahidi uko wapi?"

Mtunza stoo alitoa daftari la zamu. Kila siku alikuwa ameandika: kiti changu kimeondolewa; funguo kapewa mwingine; nimesimama kutwa bila kazi.

"Watasema umeyatunga."

"Zamu haifungwi bila sahihi ya msimamizi. Tazama chini."

Wakili alifunua kurasa arobaini na moja. Sahihi ilikuwa ileile, kwa wino wa kijani.

"Kwani alikuwa hasomi?"

"Yule? Husoma simu yake tu."

Wakili aliweka kikombe chake cha chai juu ya ile barua, akavuta karatasi mpya.